Chakula cha Mkwe

Siku Maximilla Amoit alipokataa ugali kwa mara ya tatu, binti yake Barbara aligeukia ukuta ili uso wake usionekane. Hakuwa analia. Alikuwa amepata nafuu moyoni, na nafuu hiyo ndiyo aliyotaka kuificha.

"Mimi nimeshiba," mama alisema. Alikuwa ameketi nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mlango wa jirani. "Mpe baba wa mtoto. Yeye ndiye anasukuma mizigo."

Hakuwa ameshiba. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi, isiyo na sukari. Barbara alijua hivyo, na mama alijua kwamba binti anajua. Lakini sahani ilirudi ndani kama ilivyotoka. Bonge la ugali likakatwa vipande viwili, kimoja cha Edgar, mume wa Barbara, kingine kikafunikwa kwa ajili ya kesho.

Mama alikuwa ametoka Mella, upande wa Tororo, mwanzoni mwa mwezi wa sita, kuja Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kumwona mjukuu wake Luke, aliyekuwa na wiki tatu. Alileta unga wa wimbi wa uji wa mzazi, kuku aliyefungwa miguu na mche mmoja wa sabuni. Alinuia kulala siku mbili. Kabla siku hizo hazijaisha, redio ikatangaza kwamba hakuna gari la kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Wiki mbili hazijapita, magari yote yakasimamishwa, na bodaboda zikakatazwa kubeba watu. Ilikuwa mara ya pili kwa ugonjwa ule wa korona kuifunga nchi, na mara ya kwanza ilikuwa imeshakula akiba ya kila mtu.

Mgeni wa siku mbili akawa mgeni wa mwezi. Na hakuwa mgeni wa kawaida, alikuwa mama mkwe. Wateso wa Mella na Wasamia wa Masinya, alikozaliwa Edgar, wanatofautiana kwa mengi, lakini kwa hili wanasikizana: mama mkwe na mkwe hawalali nyumba moja, hawapeani mkono, hawasemezani uso kwa uso. Kinachotakiwa kusemwa kinapitia kwa binti. Tena mama mkwe hali chakula cha mkwe ambaye hajapeleka kitu cha mahari kwao. Edgar alikuwa ameishi na Barbara miaka miwili na hajapeleka hata jogoo. Kila alipopanga, ugonjwa ulipangua.

Kwa hiyo mama alilala kwa Loy, mjane wa mlango wa pili, aliyekuwa akiuza dagaa wakavu sokoni. Huko ndiko alikokula pia, mpaka biashara ya Loy ilipokauka kuliko dagaa wenyewe.

"Kulala, mama alale hata mwaka," Loy alimwambia Barbara kwa sauti ya chini. "Lakini sufuria yangu nayo imelala. Usinione vibaya."

"Siwezi kukuona vibaya, dada Loy."

Tangu siku hiyo mama aliishi kwa uji wa unga wake mwenyewe, na unga ulipokwisha, kwa maneno. Leo ameshiba. Kesho tumbo linamsumbua. Keshokutwa amefunga kwa ajili ya maombi.

Chumbani kwa Barbara vitu vilikuwa vikiondoka kimoja kimoja, kama wageni wanaoaga. Kwanza sukari. Ikafuata sabuni ya unga, nguo zikafuliwa kwa vipande vya ule mche wa mama, vilivyokatwa kwa uzi ili visimeguke. Mkaa ukaachwa, wakapikia vijiti na magunzi ya mahindi. Mafuta yalinunuliwa kwa kijiko, yamefungwa kwenye nailoni. Chakula kikawa kimoja, saa kumi alasiri, ili kiitwe cha mchana na cha usiku kwa pamoja. Edgar kazi yake ilikuwa kuvusha watu kwa baiskeli kati ya Busia hii na Busia ya Kenya. Sasa watu hawavuki isipokuwa kwa njia za kichochoroni, naye aliruhusiwa kubeba mizigo tu. Siku nyingine alirudi na elfu tatu, siku nyingine na jasho.

Uani kwao, penye milango sita, watu walisikiliza redio ya Loy kama wanaosikiliza habari za nchi jirani. Siku moja ilisema benki zimeagizwa kuwapa muda waliokopa, wasidaiwe kwanza.

"Umesikia, Loy?" mmoja aliuliza. "Hutadaiwa."

"Nani alikuwa ananidai?" Loy alijibu. "Ndiyo shida yangu hiyo. Mimi sijawahi kuaminiwa hata na deni."

Wakacheka. Kisha redio ikasema kwamba serikali itawatumia watu wa mijini waliopoteza kazi laki moja kila mmoja, kupitia simu. Hapo hakuna aliyecheka.

Waliotaka kuandikishwa waliitwa kwenye banda la video lililofungwa, mbele ya Mzee Elungat, mwenyekiti wa mtaa, ambaye zamani alifanya kazi reli huko Tororo na hadi leo aliandika majina kama anaandika mabehewa. Asubuhi hiyo Edgar alikuwa amepata mzigo wa saruji. "Niandikishe," alimwambia Barbara. "Usiniangushe."

Barbara alikuwa mtu wa aibu tangu utotoni. Shule aliiacha darasa la tano, na mpaka leo akisimama mbele ya meza yenye karatasi, mikono ilimtoka jasho. Alisimama kwenye foleni masaa mawili akikariri atakayoyasema.

"Jina," Mzee Elungat alisema bila kuinua macho.

"Edgar Wandera. Wa baiskeli."

"Namba ya simu."

Barbara akaitaja. Mzee akaiandika nusu, akaweka kalamu chini.

"Hii ni ya Kenya. Unataka hela ya serikali ivuke mpaka bila kupimwa?"

Foleni nzima ikacheka. Barbara akatazama miguu yake.

"Ya Uganda iko wapi?"

"Ilikufa, mzee."

"Haikufa. Ninyi watu wa mpakani mnaziua wenyewe. Wateja wako ng'ambo, basi laini ya kwenu mnaitupa jalalani." Ilikuwa kweli. Edgar aliiacha ile ya Uganda ikafungwa mwaka juzi, kwa kuwa kila aliyempigia alikuwa upande wa pili. "Sasa sikiliza. Jina la kitambulisho na jina la laini liwe moja, la Uganda. Wewe mwenyewe unayo?"

"Sina simu."

"Kitambulisho?"

"Sikuandikishwa."

"Basi, binti yangu, kwenye karatasi wewe haupo," mzee alisema, si kwa ubaya. "Pisha mwenzako."

Angeweza kwenda nyumbani na kumwambia Edgar hivyo hivyo. Lakini masikioni bado alisikia, usiniangushe. Akakimbia mpaka kwa Loy, akamwomba mama kitambulisho. Mama alimpa bila kuuliza, akidhani ni wale wanaoandika wageni. Namba ya simu ya mama, Barbara aliijua kwa kichwa. Alipofika tena mbele ya meza, Mzee Elungat aligeuza kile kitambulisho huku na huku.

"Maximilla Amoit. Huyu ni nani?"

"Ni mama. Anakaa na sisi."

"Kazi?"

Mwanamke aliyemtangulia Barbara alikuwa amesema anauza chapati.

"Chapati," akasema.

Mzee alimtazama juu ya miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaandika.

Jioni Edgar aliuliza, "Umeniandikisha?"

"Ndiyo."

Alikuwa amepanga kuongeza yaliyobaki, lakini Edgar alikuwa amechoka, mgongo umejaa vumbi la saruji, na Luke alikuwa akilia. Akasema atamwambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Uani watu walikuwa wakisema hela hiyo haitafika, msaada wa mwaka uliopita ulikuwa maharage na uliishia Kampala. Barbara akajituliza kwamba uongo juu ya kitu kisichokuja si uongo mkubwa.

Wiki ya pili ya mwezi wa saba mama alianguka bombani. Hakuanguka vibaya. Aliinama kunyanyua kidumu cha lita kumi, magoti yakakataa, akaketi chini kwenye matope, akacheka. "Kidumu kimenishinda nguvu," aliwaambia wanawake waliomwinua. Barbara aliona jinsi kitambaa cha gauni kilivyolegea kiunoni mwa mama yake, kimekusanywa kwa pini. Kile kipande cha ugali cha jana, kilichokuwa cha mama, alikuwa amekila yeye asubuhi.

Ilikuwa siku hiyo hiyo, mchana, simu ndogo ya mama ilipolia mlio wa ujumbe. Mama hakujua kusoma. Akaiinua.

"Barbara, soma. Isije ikawa msiba Mella."

Barbara alisoma polepole, midomo ikicheza. Laki moja. Akasoma tena. Mama alikuwa akimtazama, uso umepauka, mguu mmoja bado una matope.

Kusema kweli kulihitaji maneno mengi: kitambulisho, chapati, meza, laini iliyokufa. Na baada ya maneno hayo yote, mama angesema hiyo ni hela ya Edgar, mpe Edgar, nami nimeshiba. Barbara aliyaona yote hayo kwa mara moja, na neno moja jepesi likatoka kabla hajalizuia.

"Ni Baba Luke," alisema. "Amekutumia laki moja. Anasema ni mwanzo."

Mama hakupiga kigelegele. Aliichukua simu, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama ilhali hakuweza kuisoma. "Laki moja," alisema. "Na wakati huu." Akaipangusa kwa gauni. "Na mimi nilikuwa nimeanza kumsema moyoni mwangu."

Barbara alikwenda naye kwa wakala kutoa fedha. Elfu sitini mama alizituma kwenye simu nyingine, ya kaka yake Edeku huko Mella, pamoja na maagizo: anunue mbuzi jike, hata mdogo.

"Kwa nini mbuzi sasa hivi, mama?"

"Hela haionekani. Mbuzi anaonekana. Watu wakipita wamwone, waseme huyu ametoka kwa mkwe wa Amoit." Zilizobaki aliziweka mkononi mwa Barbara. "Nunua unga, nunua maharage. Leo nakula."

Saa kumi mama aliketi kizingitini, mgongo kwa chumba, Edgar akiwa ndani nyuma ya pazia. Alinawa mikono. Akaomba kwa Kiteso, sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa mkwe mwenye kumbukumbu, ambaye hakungoja shibe ili atoe. Edgar hakujua Kiteso. Barbara alijua kila neno, na mwishoni akasema amina, kwa sababu mama alinyamaza kungoja amina.

Kisha mama akala. Alikula taratibu, kama mtu anayekumbuka njia.

"Chakula hiki kimetoka wapi?" Edgar aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama ametumiwa na mjomba Edeku."

"Mjomba ana roho nzuri. Mwambie mama tunashukuru sana, na kwamba mimi naona haya kula cha kwao."

Barbara akatoka hatua mbili, akasema kwa Kiteso. "Baba Luke anasema ukaribie chakula."

"Mwambie Mungu ampe baiskeli ya pili, na ya tatu."

Barbara akarudi. "Anasema asante."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile, na zilizofuata. Kila sentensi ilifika upande wa pili imekatwa kichwa na miguu. Wale wawili waliketi hatua nne kati yao, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa jambo ambalo hakulifanya, na mila iliwaziba midomo wasiulizane. Barbara hakuwahi kufikiri kwamba heshima inaweza kumtumikia mwongo vizuri hivyo. Uso wa mama ulianza kurudi. Hilo alilitazama, akajiambia linatosha.

Lakini hela zilikuwa zikiingia kwa wengine. Msusi wa mlango wa nne alipata. Mpiga debe wa stendi alipata, akanywa yote kwa siku mbili. Edgar hakupata. Aliazima simu kwa mtu, akaulizia hela, akajibiwa jina lake halipo. Alikwenda kwa Mzee Elungat mara moja, hakumkuta. Mara ya pili alikwenda na waendesha baiskeli wenzake, akasimama mbele ya lango na kusema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia kwamba kuna wazee wanaokula hela za watoto wa watu.

"Achana naye," Barbara alimsihi aliporudi. "Hela zenyewe ni kidogo."

"Kidogo? Mjomba wako ndiye analisha nyumba yangu, Barbara. Kidogo?"

Huo ulikuwa wakati wa kusema. Aliuona ukifika, akauona ukipita.

Kesho yake saa sita Mzee Elungat aliingia uani, barakoa chini ya kidevu, daftari kubwa kwapani. Hakuketi alipopewa kiti. Watu wakatoka milangoni.

"Nimeitwa mwizi," alisema. "Nina miaka sitini na nane. Reli niliiacha na mikono mitupu, na mikono hiyo ndiyo hii. Basi nitasoma, na kila mtu asikie. Edgar Wandera hakuandikishwa. Nyumba yake iliandikisha mtu mwingine, na mtu huyo amepokea tarehe kumi na tatu." Akalowesha kidole, akafungua. "Maximilla Amoit. Muuza chapati. Ni nani hapa?"

Edgar alimgeukia Barbara. Barbara alikuwa ameshika Luke kifuani kama mtu anayejikinga na mvua kwa mtoto. Alitaka kusema. Akaanza kumfunga Luke kofia iliyokuwa imeshafungwa.

Mama alitoka kwa Loy. Kwa kuwa Edgar alikuwa pale, aliteremsha leso mpaka kwenye paji la uso na kusimama kando, akitazama ukuta.

"Ni mimi," alisema.

"Unauza chapati wapi, mama?"

"Bado sijaanza."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Mzee Elungat hakucheka. "Wewe ni mtu wa Mella. Mella ni kijijini, haimo katika mpango huu. Wakija kukagua, mimi ndiye nitaitwa nieleze kwa nini nimeandika mtu wa wilaya nyingine. Nani alikuleta kwenye daftari langu?"

"Mimi mwenyewe," mama alisema. "Nilimtuma msichana. Nilisikia kuna hela, nikaitamani. Yeye alikataa, nikamlazimisha."

Loy, aliyekuwa mlangoni kwake, hakuwa na ubaya wowote. Alishangaa tu, na mshangao ukamtoka. "Lakini mama, si uliniambia mkwe wako ndiye alikutumia? Si ndiyo ukanunua mbuzi?"

Hata msusi aliacha kitana kichwani mwa mteja. Barbara aliona kidole gumba cha mama kikisugua pindo la leso, mbele na nyuma, na akajua kwamba wakati ule mama alikuwa akielewa: simu, ujumbe, neno lile, mwanzo. Alielewa yote akiwa amesimama, mbele ya watu, na hakugeuka kumtazama binti yake.

"Nilikuwa nadanganya, Loy," mama alisema. "Mtu akikaa sana kwa wenyewe, anapenda na yeye aonekane ana mkwe."

Edgar alimwomba Mzee Elungat radhi hapo hapo, mbele ya wale wale. Alipiga goti moja kama ilivyompasa. Mzee aliipokea radhi hiyo, akalifunga daftari, akasema atajua la kufanya wakaguzi wakija. Lakini alipokuwa akitoka alisimama mbele ya Barbara na kusema kwa sauti ya kawaida, "Nilijua hakuna chapati. Niliandika kwa sababu nilikuonea huruma. Sikujua unanitia shimoni." Barbara aliona afadhali angemfokea.

Ndani, nyuma ya pazia, Edgar naye hakumfokea. Alikaa juu ya kitanda, mikono kati ya magoti.

"Ungeniambia tu kwamba mama ana njaa."

"Ungefanya nini?"

Edgar aliinua kichwa, amekasirika kidogo. "Mimi na yeye hatuna mdomo mwingine isipokuwa wako. Wewe ndiye mdomo wetu. Sasa nani atatuambia kitu tukiamini?"

Mchana huo mama hakula. Na jioni alituma neno kupitia Loy, si kupitia Barbara, kwamba kesho anaondoka kwa miguu. Atalala Rubongi kwa dada yake, kesho yake atafika Mella.

Walimsindikiza. Mama alitangulia, fimbo mkononi. Edgar alikuwa nyuma sana, hatua hamsini, akisukuma baiskeli yenye mfuko wa mama, maana mfuko ni mzigo na mzigo unaruhusiwa. Barbara alitembea katikati, Luke mgongoni. Barabara ya Tororo ilikuwa tupu isipokuwa malori ya mizigo, yaliyopita kwa mistari kana kwamba ugonjwa haukuwahusu. Kila mama aliposimama kupumzika, Edgar naye alisimama kule nyuma na kujifanya anaangalia mnyororo.

Walipofika penye mashamba ya mihogo, Barbara aliharakisha akamfikia.

"Mama, nilidanganya."

"Najua. Nilikuwepo."

"Si hilo la hela." Lori lilipita, vumbi likatulia. "Ulipokuwa unakataa chakula, mimi nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naona kesho tutakula sisi."

Mama aliendelea kutembea. Fimbo iligonga, ikagonga.

"Ulifikiri nakataa kwa ajili ya mila?" aliuliza hatimaye.

"Si ulisema mkwe hajaleta kitu?"

"Mama yangu alikula kwa baba yako kabla ya jogoo wa kwanza. Alikula, akaomba aongezewe." Tabasamu lilikaribia, lakini halikutoka. "Mlango wa Loy hauko mbali, Barbara. Nilikuwa nasikia kikombe chako kikikwangua chini ya ndoo ya unga. Ningesema nini? Mtu akisema ni mila, hakuna anayeona aibu. Nilikuachia pa kujificha."

Barbara hakuweza kuinua kichwa. Alitazama visigino vya mama vilivyopasuka, vikienda.

"Na hela siku ile nilizipokea kwa furaha, kwa kuwa nilijua sasa chakula kipo," mama aliendelea. "Kudanganywa ni kitu kidogo. Nimedanganywa na wakubwa kuliko wewe. Lakini nilimwombea mtu asubuhi na jioni kwa jambo ambalo hakulifanya. Wewe ulikuwa karibu yangu, unaelewa ninachosema. Ukaitikia amina."

Wakafika kwenye kizuizi, mwisho wa wilaya. Askari wawili walikuwa wamekaa kivulini. Mmoja alisema wa miguu anaweza kupita, baiskeli irudi. Edgar alifungua kamba, akauleta mfuko mpaka katikati ya barabara, akauweka chini, akarudi nyuma hatua kumi.

"Kijana, mpe mkononi," askari alisema. "Huoni ni mtu mzima?"

"Siwezi, afande. Ni mama mkwe."

Yule askari lazima alikuwa mtu wa pande zile, maana aligeuka akatazama upande mwingine kwa adabu.

Mama aliusogelea mfuko. Akasema kwa Kiswahili, akimtazama Barbara, ingawa Edgar alikuwa anasikia kila neno: "Mwambie baba wa Luke nashukuru kwa mbuzi. Watu wa Mella wanajua ni wake. Mimi sitawaambia vingine."

Barbara alielewa maana yake. Mama, aliyekuwa akiongoza sala za akina mama kanisani kwao, atakuwa akipita mbele ya mbuzi yule kila siku na kudanganya kwa ajili ya binti yake. Alimgeukia mume wake. Hakukuwa na ulazima wa kurudia, ila hapakuwa na njia nyingine.

"Mama anasema," alianza. Aliyasema yote, neno kwa neno. Watu wa Mella. Sitawaambia vingine.

Edgar alitazama gurudumu la mbele. "Mwambie huyo mbuzi si wangu. Wa kwangu nitamleta. Sijui lini."

"Anasema huyo mbuzi si wake," Barbara alisema. "Wa kwake atamleta." Akasita. Zamani hapo ndipo angekata. "Hajui lini."

"Nimesikia," mama alisema. Alijitwika mfuko, akaupanga kichwani, kisha akabaki amesimama. "Na wewe? Hakuna neno lako mwenyewe, la kwako peke yako?"

Luke alijinyoosha mgongoni. Askari bado alikuwa akitazama pembeni.

"Mimi naona aibu, mama."

"Haya," mama alisema. "Kuna maharage nimeacha kwa Loy, kwenye kopo la bluu. Yapike leo, yasiingie wadudu."

Akavuka kizuizi, fimbo ikigonga.